Ufa Unaopumua: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Moja katika Tambarare ya Moshi

Usuli

Nyumba inayozungumziwa hapa iko kusini mwa mji wa Moshi, upande ambao udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro huishia na udongo mweusi wa mbuga huanza. Jina la mwenye nyumba, kata anayoishi na alama zote zinazoweza kuitambulisha familia yake vimeondolewa. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa mama huyu alifundisha kemia sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kemia hiyo ilikuja kutufaa. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na niliitwa katika kisa hiki kama mshauri wakati pesa zilikuwa zimeshatumika mara mbili bila faida.

Nyumba ni ya kawaida kabisa: vyumba vitatu vya kulala, sebule, paa la bati, kuta za matofali ya saruji ya inchi 6 juu ya msingi wa mawe. Ujenzi ulianza mwaka 2011, ukaenda kidogo kidogo kadiri mshahara ulivyoruhusu, na familia ikahamia mwaka 2014. Mwaka 2018 Mwalimu aliongeza jiko na stoo upande wa nyuma. Msingi wa nyongeza hiyo ulikuwa mfupi kuliko ule wa nyumba kubwa, na kuta mpya ziliegemezwa tu kwenye kuta za zamani bila kufungwa kwa nondo wala kuachiwa nafasi ya makusudi.

Fundi mwashi aliyejenga nyumba hii alikuwa mtu wa mlimani, na kwa jinsi nilivyoiona kazi yake alikuwa fundi mzuri. Mistari ya tofali ilikuwa imenyooka na kona zilikuwa wima. Tatizo ni kwamba alichukua kina cha msingi alichokizoea kwenye udongo mwekundu, sentimita 60 hivi, akakileta mbugani. Kule juu kina hicho hubeba nyumba ya chini vizazi viwili bila lawama. Huku chini udongo mweusi hunywa maji na kuvimba wakati wa masika, kisha hukauka na kunywea kuanzia Julai hadi Oktoba, mpaka ardhi inapasuka mipasuko ambayo kiganja cha mtu mzima kinaingia. Msingi uliolala ndani ya udongo wa namna hiyo hupandishwa na kushushwa kila mwaka. Kama ungepanda na kushuka wote kwa pamoja, nyumba isingedhurika sana; kinachoipasua nyumba ni kona moja kwenda na nyingine kubaki.

Mambo yalivyofuatana

Ufa wa kwanza ulionekana Agosti 2020 katika chumba cha kulala cha kona ya nyuma. Ulianzia kwenye pembe ya chini ya dirisha ukashuka kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali hadi karibu na sakafu, ukiwa mpana juu na mwembamba chini. Fundi wa mtaani aliuchimbua kidogo kwa tindo, akajaza saruji, akapaka rangi. Kazi ilichukua siku moja na nusu na kugharimu shilingi 180,000. Aprili iliyofuata plasta ya pale palipozibwa ilitokeza nje kama jipu, kisha ikapasuka upya, safari hii pembeni mwa ufa wa zamani.

Februari 2022 alikuja fundi mwingine. Huyu alikuwa mwangalifu zaidi: alibandua plasta nusu mita kila upande, akapigilia wavu wa kuku, akapaka plasta nzito. Alilipwa shilingi 310,000. Ukuta ulikaa vizuri hadi Septemba, ndipo ufa ukarudi, ukapita juu ya wavu na kuutenganisha. Wakati huohuo mlango wa chumba hicho ulianza kukwama, na ufa mwingine uliosimama wima ukajitokeza pale jiko linapoungana na nyumba.

Mapema mwaka 2023 Mwalimu alimwita mkandarasi mmoja. Alizunguka nyumba kwa muda usiozidi saa moja, akasema msingi umeshindwa, na akatoa makisio ya shilingi 14,600,000 kwa kazi ya kuchimba chini ya msingi wa upande wote wa nyuma na kumwaga zege kwa kina cha mita 1.2. Kiasi hicho kilikuwa sehemu kubwa ya akiba yake. Mtoto wake aliyeko Dar es Salaam alimtumia video zinazoonyesha jinsi mtu anavyoweza kuingiza epoksi, gundi ya kemikali inayokauka na kuwa ngumu, kwenye nyufa mwenyewe kwa sindano, na kijana wa dada yake aliyekuwa akiishi naye akaona njia ya tatu: kama mkandarasi anataka mamilioni kwa kuchimba na kumwaga zege, basi tuchimbe wenyewe.

Nilifika Jumamosi moja ya Juni 2023 na kukuta mtaro umeshachimbwa. Ulikuwa na urefu wa mita mbili na nusu, umefuata ukuta wa kona ileile yenye ufa, na katikati kijana alikuwa ameanza kutoa udongo chini ya mawe ya msingi kwa sururu. Mawe mawili yalikuwa yananing'inia. Nililigusa moja kwa kidole likatikisika. Juu yake kulikuwa na ukuta, linta na paa. Nilimwomba kijana atoke mtaroni kabla hata hatujasalimiana vizuri, na ninaomba radhi kwa hilo, lakini hakuna salamu inayostahili kusubiriwa na mtu aliye chini ya ukuta usio na kitu cha kukalia.

Tuliposhika viti uani, Mwalimu aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa hiki. "Sasa mwanangu, nizibe mwenyewe au nimwite huyo wa milioni kumi na nne?"

Nilimjibu, "Mwalimu, kwanza usizibe kabisa."

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mtaro. Tuliipa sehemu iliyochimbuliwa chini ya mawe egemeo la zege siku ileile, kwa vipande vifupi, lakini kabla ya kuufukia mtaro tuliutumia. Kosa lilikuwa limeshatokea, na shimo lile lilikuwa ndilo tundu la uchunguzi ambalo vinginevyo ningeomba lichimbwe, ila mbali kidogo na ukuta. Tulishusha shimo dogo zaidi kando yake, nje ya mstari wa msingi, tukaona udongo mweusi ukishuka hadi mita 1.5, ndipo ukaja udongo mgumu wenye changarawe za rangi ya majivu. Kwa kipimo hicho kimoja makisio ya mkandarasi yalipoteza maana: zege la kina cha mita 1.2 lingekuwa bado limesimama ndani ya udongo uleule unaosogea. Kuongeza kina cha msingi ni njia halali na wahandisi huitumia, lakini hakuna anayeweza kusema kina gani kinatosha bila kuangalia ardhi ilivyo chini.

Mwalimu alitaka kujua kama udongo wake kweli huvimba au ni maneno ya mafundi. Alikuwa na silinda ya kupimia ya kioo ya mililita 100. Tulikausha udongo, tukautwanga, tukauchekecha kwenye chekecheke laini, akamimina mililita 10 za unga huo polepole ndani ya maji na kuuacha hadi kesho yake. Ulipotulia ulisoma mililita 22. Udongo ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 120, na katika kipimo hiki cha uvimbe huru, ambacho wataalamu wa udongo wamekitumia tangu miaka ya 1950, udongo unaozidi asilimia 100 huhesabiwa kuwa unaweza kudhuru nyumba nyepesi. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya maabara ya udongo, lakini mwenye nyumba yeyote anaweza kukifanya, na kwake kilikuwa na nguvu kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu alikiona kwa macho yake.

Sehemu ya mtaro iliyobaki ilifukiwa kwa udongo uleule uliotoka, kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa. Kijana alipendekeza kokoto, akidhani zingekuwa imara zaidi. Katika udongo wa mbuga kokoto zilizozungukwa na mfinyanzi huwa kikombe: maji ya mvua huingia, hayana pa kutokea, na hukaa yakinywesha udongo ulio chini ya msingi.

Uamuzi wa pili, ambao ulikuwa mgumu zaidi kuukubali, ulikuwa kusubiri mwaka mzima. Tulitoa saruji ngumu yote iliyokuwa imejazwa ndani ya ufa wa kona, tukausafisha kwa brashi na kuuacha wazi. Sababu ni hii. Ufa uliozibwa wakati wa kiangazi huzibwa ukiwa umefunguka. Masika yakija, udongo huvimba na kuirudisha kona juu, na ukuta unataka kujifunga. Lakini ndani ya ufa sasa kuna kabari ya saruji. Ukuta hauwezi kurudi, kwa hiyo unaponda plasta na kupasuka pembeni. Kiangazi kinachofuata unafunguka zaidi, fundi anajaza tena, na kila mwaka kabari inanenepa. Mara ya kwanza masika ndiyo yaliyoipasua kazi, mara ya pili kiangazi, na mafundi wale wawili hawakuwa wazembe: waliponya kidonda ambacho kilikuwa bado kinapumua.

Kwa sababu hiyohiyo epoksi ilikataliwa. Epoksi hushika vizuri mno. Inafaa zege lililopasuka mara moja kwa sababu iliyokwisha kupita. Ikiwekwa katika ukuta wa matofali unaoendelea kusogea, kiungo hushinda na tofali jirani hukatika.

Kupima kulifanywa na Mwalimu mwenyewe, na hapa ndipo kazi ya mwenye nyumba inapozidi ya mtaalamu, kwa maana hakuna mtaalamu atakayekuja kila baada ya wiki mbili kwa mwaka mzima. Tulipigilia misumari midogo miwili ya chuma cha pua, mmoja kila upande wa ufa, sehemu tatu, naye akapima umbali kati ya vichwa vyake kwa kalipa, kifaa cha mkono cha kupimia milimita, ya shilingi elfu chache na kuandika katika daftari la mistari pamoja na tarehe na kama mvua ilinyesha wiki hiyo. Tuliongeza vipande vya kioo vilivyogundishwa kukatiza nyufa, ili mwendo wa ghafla uonekane kwa kuvunjika. Kipande kimoja kilianguka mwezi wa Agosti bila kuvunjika: nilikigundisha juu ya plasta badala ya kubandua hadi kwenye tofali, plasta ikaachia, na tukapoteza habari za miezi miwili za ufa wa jikoni.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumwita mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa ada ya shilingi 600,000 iliyohusu ziara tatu na maelezo ya maandishi. Watu wengi humwita mhandisi mwishoni ili athibitishe walichokwisha kuamua. Tulimwita mapema tukamkabidhi daftari, vipimo vya udongo na picha. Yeye ndiye aliyetutengenezea maana. Alitumia mpira mwembamba wa maji, uleule ambao mafundi husawazishia, akapima mstari wa tofali la kwanza juu ya msingi kuzunguka nyumba nzima. Hakuchagua sakafu, kwa kuwa sakafu huweza kuwa ilimwagwa ikiwa imeinama tangu mwanzo. Kona ya jikoni ilikuwa juu ya kona ya chumbani kwa milimita 28 katika umbali wa mita 11.

Kisha akatuonyesha tulichokuwa tunakipita kila siku. Nje ya kona ya chumbani, mita nne kutoka ukutani, ulisimama mkaratusi uliopandwa mwaka 2013, na mizizi yake tulishaikata mtaroni bila kuifikiria. Nje ya jiko, maji ya karo yalimwagika moja kwa moja kwenye migomba, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu, na migomba hiyo ilikuwa imenawiri Juni hadi Juni. Kona moja ya nyumba ilikuwa inakaushwa na nyingine inanyweshwa. Juu ya yote paa halikuwa na gata. Mvua ya milimita 40 juu ya mita za mraba 65 za bati la upande wa nyuma ni lita 2,600, na zote zilianguka kwenye mguu wa ukuta.

Kwa hiyo kazi iligawanywa. Maji, miti, gata, sakafu ya nje na vipimo vilikuwa vya Mwalimu pamoja na mafundi wa kawaida. Ukuta wenyewe haungeguswa hadi mhandisi aseme. Gata ziliwekwa Septemba 2023 kwa haraka, kwa kuwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba vuli ingekuwa na mvua za juu ya wastani kwa sababu ya El Niño. Maji ya karo yalipelekwa kwa bomba hadi shimo lililo mita kumi kutoka kwenye nyumba, na migomba ikahamishwa.

Mkaratusi ulileta mjadala mrefu. Mti mkubwa ukikatwa, udongo uliokuwa umekaushwa hurudi kuvimba, na kama mti ulikuwepo kabla ya nyumba, uvimbe huo unaweza kuinua msingi kupita pale ulipoanzia. Huu ulipandwa baada ya msingi kujengwa, hivyo mhandisi aliona hatari ni ndogo. Hata hivyo ulipunguzwa matawi Novemba na kukatwa miezi mitatu baadaye, si kwa siku moja.

Mwisho wa Oktoba jambo moja lilitusumbua. Karo ilikuwa imehamishwa wiki sita, jua lilikuwa kali, lakini udongo wa nje ya jiko ulikuwa bado na unyevu. Mwalimu alifunga koki zote usiku, akaenda kwenye mita ya maji na tochi, na kuona kidude kidogo cha mita kinazunguka polepole. Bomba lililopita chini ya sakafu ya stoo lilikuwa linavuja, pengine kwa miaka. Kuangalia mita ni jambo la dakika tano. Nilipaswa kulifanya siku ya kwanza, na sikulifanya kwa sababu nilikuwa nimeshapata maelezo ya kuridhisha katika migomba.

Matokeo

Ufa wa kona ulisoma milimita 3.5 Juni 2023, ukafikia 7 mwishoni mwa Oktoba, ukashuka wakati wa vuli na kufika 2.5 Mei 2024. Ulikuwa umetembea milimita 4.5 kwenda na kurudi, bila dalili ya kuongezeka moja kwa moja. Ufa wa wima wa jikoni haukuzidi nusu milimita ya mabadiliko.

Kati ya Novemba 2023 na Februari 2024 sakafu ya nje ilimwagwa kuzunguka nyumba nzima, upana wa mita 1.2, juu ya karatasi ya nailoni nzito, ikiinama kuelekea nje, na mpaka wake na ukuta ukazibwa kwa lami ili sakafu iweze kusogea bila kuuvuta ukuta. Katika kiangazi cha 2024 ufa wa kona uliishia milimita 3.6. Mwendo wa mwaka ulikuwa umeshuka kutoka milimita 4.5 hadi milimita 1.1 bila mtu yeyote kugusa msingi.

Hapo ndipo mhandisi aliporuhusu ukuta ushonwe, Novemba 2024, ufa ukiwa katikati ya mwendo wake, wala si wazi kabisa wala si umefungwa. Viungo vya mlalo vilichimbuliwa kina cha sentimita 4 kila baada ya mistari miwili ya tofali, nondo za milimita 8 zikalazwa zikipita nusu mita kila upande wa ufa, na kufunikwa kwa saruji nzito yenye maji kidogo. Matofali matano yaliyokatika yalitolewa na kubadilishwa. Kazi ilifanywa na fundi mwashi wa hapohapo Moshi, yuleyule wa wavu wa kuku, akiwa na mchoro mkononi na mhandisi akija siku ya kwanza na ya mwisho. Ufa wa jikoni haukushonwa. Ulinyooshwa kuwa kiungo cha wazi cha sentimita moja na kujazwa silikoni, ili jiko na nyumba viachane kwa heshima kila kimoja kikienda na msingi wake.

Gharama zote zilifika shilingi 4,100,000: gata na tangi 1,100,000, sakafu ya nje 1,350,000, mabomba na chemba 420,000, mti 150,000, mhandisi 600,000, na kushona ukuta pamoja na plasta 480,000. Mlango wa chumba ulianza kufunga wenyewe Mei 2024, kabla ukuta haujashonwa. Oktoba 2025 mstari mwembamba kama unywele ulionekana katika plasta mpya, wa milimita 0.3, na mhandisi ameridhika nao.

Uchambuzi

Swali la kujifanyia au kumwita mtaalamu liliulizwa katika nyumba hii kama swali la bei, na ndiyo maana lilikosewa mara tatu. Mafundi wawili wa bei nafuu na mkandarasi wa bei ghali walifanana katika jambo moja: wote walipendekeza dawa bila kuuliza kama ufa unaendelea kusogea na kwa nini. Aliyetoza kidogo na aliyetoza kingi hawakuwa na kipimo. Nikirudi nyuma naona kwamba shilingi 490,000 za kuziba hazikupotea kwa sababu kazi ilikuwa ya mtaani, kwa kuwa fundi yuleyule alipopewa mchoro na wakati sahihi alifanya kazi safi.

Kuna nyufa ambazo mwenye nyumba anaweza kuzimaliza mwenyewe bila wasiwasi. Mtandao wa mistari myembamba katika plasta iliyokauka upesi, au ufa wa chini ya milimita 2 ambao daftari limeuonyesha hausogei kwa mwaka mzima, hauhitaji mhandisi. Ufa unaofika milimita 5, unaoanza kuwakwamisha milango, unaopita katikati ya tofali badala ya kufuata viungo, au ulio mpana upande mmoja na mwembamba mwingine, unaeleza kwamba sehemu ya nyumba inakwenda mahali. Ukifika milimita 15 au zaidi, au ukuta ukitoka timazi, mtu asisubiri daftari. Kwanza familia ihame chumba hicho. Namba hizi ni za kuongoza macho tu. Ufa wa Mwalimu wa milimita 7 uliobadilika kwa msimu haukuwa wa hatari kama ufa wa milimita 4 ambao ungeongezeka kila mwezi bila kurudi.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni daftari. Bila hilo mhandisi angelazimika kukisia kutokana na ziara moja, na ziara moja ya Oktoba ingempa nyumba inayoanguka huku ziara moja ya Mei ikimpa nyumba nzima. Nimewaona wataalamu wazuri wakiagiza kazi kubwa isiyohitajika kwa sababu tu mwenye nyumba hakuwa na kumbukumbu yoyote zaidi ya "ulianza zamani kidogo".

Kilichokaribia kuleta msiba ni mtaro. Ningependa kila anayesoma haya alizingatie, hasa vijana wenye nguvu wanaotaka kumwokolea mama mdogo wao pesa. Kuchimba chini ya msingi unaobeba ukuta ni kazi inayofanywa kwa vipande vifupi vya mita moja hivi, kwa kuruka, kimoja kikijazwa na kukomaa kabla jirani yake hakijafunguliwa, na kwa maelekezo ya mhandisi. Mita mbili na nusu zikiwa wazi kwa pamoja hazina fundi wala mtu binafsi anayepaswa kuzithubutu. Aidha, kuongeza kina upande mmoja tu wa nyumba iliyo mbugani huleta ugomvi mpya: upande ulioshushwa hutulia na upande mwingine huendelea kupanda na kushuka, na nyumba hupasuka pale vinapokutana.

Makosa yangu mawili nimeyataja, kioo na mita. La mita ndilo zito. Tungeliona mapema, vipimo vya miezi mitano ya mwanzo visingekuwa vimechanganya mambo mawili, karo na bomba, na pengine tusingehitaji kuihamisha migomba yote. Mwalimu bado anaisikitikia.

Jambo moja halijafungwa. Septemba iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba ameona mstari mpya mbele ya nyumba, chini ya dirisha la sebule, upande ambao jirani amejenga ukuta wa mpaka na kuelekeza maji ya paa lake huko. Nilimuuliza kama amempigia fundi. Alisema ameshapigilia misumari miwili na kuandika tarehe, na kwamba siku ya kwanza ufa ulisoma milimita 0.8.